Maneno Nayo ni Sampuli

Katika tasnifu nyingi za Kiswahili, sura ya mbinu za utafiti ndiyo inayoandikwa kwa haraka kuliko zote na kusomwa kwa uchache kuliko zote. Mtafiti hueleza kwamba aliteua shule, akagawa hojaji, akakusanya majibu na kuyageuza kuwa asilimia. Kisha huharakia sura ya uchanganuzi, ambamo wanafunzi 40 wa shule moja hugeuka ghafla kuwa "vijana wa Kenya", na maneno 10 yaliyoteuliwa mezani usiku mmoja hugeuka kuwa "msamiati wa Kiswahili". Msimamizi naye hushughulika na nadharia, marejeleo na alama za uakifishaji, hesabu akaiacha ijitetee yenyewe. Mageuzi hayo mawili yote ni ya kutiliwa shaka. La kwanza angalau linajulikana, na hukemewa mara kwa mara katika vikao vya utetezi wa tasnifu. La pili halikemewi na mtu, na ndilo linaloshughulikiwa katika makala haya.

Ili kulielewa, ni vyema kuanzia kwenye kikombe cha chai. Mwaka 1935 mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher alichapisha kitabu kuhusu usanifu wa majaribio, na humo akaeleza habari za bibi mmoja aliyedai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa ndiyo yaliyotangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. (Mkenya aliyezoea maziwa, maji na majani ya chai kuchemshwa pamoja katika sufuria moja huenda akaliona dai lenyewe kuwa anasa tu.) Fisher hakubishana na bibi huyo. Alipendekeza vitengenezwe vikombe 8, 4 kwa namna moja na 4 kwa namna ya pili, vipangwe kwa nasibu, kisha bibi avionje na kuvitenga katika makundi mawili. Kuna njia 70 za kuteua vikombe 4 kati ya 8. Kwa hivyo mtu asiye na kipawa chochote, anayebahatisha tu, ana nafasi 1 kati ya 70 ya kupatia vyote. Bibi akipatia vyote, ni vigumu kuamini kwamba ilikuwa bahati. Lakini akikosea kikombe kimoja katika kila kundi mambo yanabadilika kabisa. Kuna njia 16 za kufikia matokeo hayo, na zikijumlishwa na ile moja ya kupatia vyote, anayebahatisha anakuwa na nafasi 17 kati ya 70, karibu robo nzima, ya kufanya vizuri kiasi hicho au zaidi. Hapo hakuna la kujivunia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika kitabu hicho Fisher hakusema kama bibi yule alifaulu au alishindwa. Hilo halikuwa shughuli yake. Alichotaka kuonyesha ni mambo yanayopaswa kuamuliwa kabla ya kikombe cha kwanza kuonjwa: vikombe viwe vingapi, vipangwe vipi, na ni matokeo gani yatakayokubaliwa kuwa ushahidi. Hesabu inayofuata baadaye haina nguvu yake yenyewe. Hukopa nguvu kutoka kwa unasibu uliowekwa mwanzoni. Miaka 10 kabla ya hapo, katika kitabu cha mwaka 1925, Fisher alikuwa amependekeza nafasi 1 kati ya 20 kuwa mpaka unaofaa wa kutenganisha bahati na ushahidi. Wanasaikolojia waliupokea mpaka huo kama sheria. Hadi leo, utafiti ambao thamani yake ya p iko chini ya 0.05 huitwa wenye maana kitakwimu na huchapishwa. Ulio juu yake mara nyingi huishia kabatini.

Sasa na yaachwe mambo ya vikombe, yatazamwe maneno. Mwanaisimu nafsia anapofanya jaribio, hana sampuli moja mkononi, anazo mbili. Ya kwanza ni ya watu wanaosoma, kusikiliza au kujibu. Ya pili ni ya maneno, sentensi au matini wanayopewa. Kuhusu watu, kila kitabu cha mbinu za utafiti husisitiza kwamba hao ni wachache tu waliotolewa katika jamii kubwa, na kwamba wengine wangeteuliwa matokeo yangeweza kuwa tofauti. Kuhusu maneno, kimya kilitanda kwa muda mrefu. Mwaka 1964 E. B. Coleman alionya kuhusu kosa hili lakini hakusikilizwa sana. Mwaka 1973 Herbert Clark, mwanasaikolojia wa lugha wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika makala yaliyowashtua wenzake. Alichukua tafiti zilizokuwa zimekwisha kuchapishwa na kuheshimiwa, akakokotoa upya hesabu zake huku akiyachukulia maneno kuwa sampuli kama watu walivyo sampuli. Matokeo kadhaa yaliyokuwa yakitangazwa kuwa sifa za lugha yakapoteza uzito wake. Kilichokuwa kimethibitishwa ni kwamba tofauti fulani ilikuwapo kati ya maneno yale yale yaliyotumiwa. Kuhusu maneno mengine ya Kiingereza, tafiti hizo hazikuwa na la kusema.

Hoja hii ni nyepesi kuliko sifa yake. Watu 300 wakionja wali wa sufuria moja, kitakachojulikana kwa uhakika mkubwa ni habari za sufuria hiyo. Upishi wa mji mzima utabaki fumbo, hata waonjaji wakiongezwa hadi 3,000. Mtafiti mwenye maneno 10 na wanafunzi 500 yuko katika hali iyo hiyo.

Uchukuliwe mfano wa kubuni unaoweza kukaguliwa kwa kalamu na karatasi. Mtafiti anataka kujua kama maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu husomwa polepole kuliko yale yenye asili ya Kibantu. Anateua maneno 10 ya kila aina, anawaonyesha wanafunzi 100 kwenye kompyuta, na kompyuta inarekodi muda wa kila mmoja kulitambua kila neno. Maneno ya Kibantu yote, tuseme, yanachukua wastani wa milisekunde 650. Ya Kiarabu yanachukua wastani wa milisekunde 700. Wanafunzi karibu wote 100 wanaonyesha tofauti hiyo, kila mmoja kwa kiasi chake. Ikipimwa kwa kuwalinganisha wanafunzi, thamani ya p inakuwa ndogo mno. Mtafiti anaandika kwamba ukopaji kutoka Kiarabu huzorotesha usomaji wa Kiswahili. Labda mtu wa wizara atalisoma hitimisho hilo, na labda mwandishi wa vitabu vya kiada ataanza kuyaondoa maneno hayo vitabuni.

Lakini orodha yenyewe ikifunuliwa, maneno ya Kiarabu ni haya: kitabu, saa, habari, kalamu, sahani, samaki, dakika, safari, taksiri na ghururi. Yale 8 ya mwanzo yalichukua milisekunde 650 kila moja, sawasawa na maneno ya Kibantu. Mawili ya mwisho yalichukua 900 kila moja. Mara 8 kwa 650 ni 5,200. Mara 2 kwa 900 ni 1,800. Jumla ni 7,000, na wastani ni 700. Tofauti nzima imebebwa na maneno mawili ambayo mwanafunzi wa kawaida hukutana nayo kwa nadra, na kilichochelewesha usomaji ni ugeni wa neno. Uarabu haukuhusika. Maneno yakichukuliwa kuwa sampuli na kulinganishwa maneno kwa maneno, tofauti hiyo haifikii mpaka wa 0.05 hata kidogo. Ila mtafiti hakulinganisha maneno. Alilinganisha watu, na watu walikuwa wengi, na wingi wao ukamtia kiburi.

Kiswahili kina mitego ya aina hii mingi kuliko Kiingereza, ingawa Kiingereza ndicho kilichoandikiwa vitabu. Neno la Kiswahili hubeba viambishi, kwa hivyo urefu wake hubadilika kwa kunyambuliwa: lima, limisha, wanalimishwa. Anayelinganisha ngeli ya KI-VI na ngeli ya N hulinganisha pia ngeli ambayo umoja na wingi wake huonekana kwenye nomino yenyewe na ngeli ambayo mara nyingi havionekani mpaka upatanisho wa kisarufi ujitokeze. Kuna sauti kama dh, gh na th ambazo wasemaji wengi wa bara huzitamka kwa namna zao. Isitoshe, asili ya neno, marudio yake katika matumizi, urefu wake na ngeli yake huandamana. Kulitenga moja bila kuyavuruga mengine kunataka subira ambayo ratiba ya mwaka mmoja wa utafiti haiitoi kwa urahisi. Wapo wanaodhani wanaikwepa shida hii kwa kubuni maneno yasiyokuwapo, kama alivyofanya Jean Berko mwaka 1958 alipowaonyesha watoto wa Marekani picha ya kiumbe mwenye jina la kubuni na kuwauliza wingi wake. Mbinu hiyo ni nzuri, na inakikaa Kiswahili vizuri: mtoto akiambiwa "hiki ni kibuleko" na akajibu kwa wingi "vibuleko", amefichua kanuni aliyo nayo akilini, kwa kuwa neno hilo hajapata kulisikia. Hata hivyo vibuleko navyo ni sampuli. Neno moja la kubuni linaweza kufanana kwa bahati na neno halisi la lugha ya nyumbani kwa mtoto, jingine lisifanane na chochote.

Itafaa sasa kuonyesha gharama ya kuyapuuza haya, na historia ya saikolojia ya majaribio inatoa mifano ya kutosha, baadhi ikihusu maneno moja kwa moja. Mwaka 1996 John Bargh na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha jaribio ambalo ndani yake wanafunzi walipewa maneno yaliyovurugwa wayapange yawe sentensi. Kundi moja lilipewa, katikati ya mengineyo, maneno yanayohusishwa na uzee. Kazi ilipokwisha, mwendo wa wanafunzi hao ukapimwa kwa siri walipokuwa wakiondoka ukumbini. Waliokuwa wamesoma maneno ya uzee, kwa mujibu wa ripoti, walitembea polepole zaidi. Jaribio lilifanywa mara mbili, kila mara kwa wanafunzi 30. Matokeo hayo yaliingia katika vitabu vya kiada ulimwenguni kote na yakawapendeza mno watu wa lugha na fasihi, kwa sababu yalisema walichokuwa wakitamani kukisikia: kwamba neno lina nguvu ya kuutikisa mwili bila mwenyewe kujua.

Mwaka 2012 Stéphane Doyen na wenzake waliurudia utafiti huo mjini Brussels, kwa wasemaji wa Kifaransa 120, mwendo ukipimwa kwa mitambo ya mwangaza badala ya saa ya mkononi. Hawakuona tofauti. Wakafanya jaribio la pili, na safari hii waliwatarajisha wasimamizi wa jaribio kuona jambo fulani: baadhi waliambiwa kwamba washiriki watapunguza mwendo, wengine kwamba wataongeza. Kwa kipimo cha mitambo, kupunguza mwendo kulijitokeza pale tu msimamizi alipokuwa akikutarajia. Inaelekea kwamba kilichokuwa kikiathiri mwendo wa washiriki hakikuwa orodha ya maneno peke yake, au hakikuwa orodha kabisa. Kilikuwa pia ile imani ya aliyesimama mlangoni na saa yake.

Hali hii haikuwa ya Bargh peke yake. Mwaka 2015 kundi la watafiti 270 likiongozwa na Brian Nosek lilitoa ripoti ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa mwaka 2008 katika majarida matatu yenye sifa. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Katika marudio, ni asilimia 36 tu. Aliyedhani kwamba tatizo lilikuwa uongo alikosea. Sehemu kubwa yake ni uhuru ambao mtafiti hujipa baada ya kuyaona matokeo: kuongeza washiriki kidogo pale p inapokaribia mpaka, kuacha kundi moja lisiripotiwe, kujaribu vipimo viwili na kutangaza kile kilichokubali. Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walionyesha mwaka 2011 kwamba mtafiti anayejipa uhuru wa aina nne za namna hiyo kwa pamoja huweza kupata matokeo "yenye maana" ya uongo kwa kiwango cha takriban asilimia 61, mahali ambapo anadai kwamba hatari yake ni asilimia 5. Ili kuukejeli uhuru huo, walifuata taratibu zilizokuwa za kawaida na wakafaulu "kuthibitisha" kwamba kuusikiliza wimbo fulani wa Beatles humpunguzia msikilizaji umri wake kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Umri wenyewe, uliohesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa.

Na katika utafiti wa lugha, hakuna uhuru mpana kuliko uhuru wa kuteua maneno. Mtafiti ndiye mwenye nadharia tete, na ndiye mwenye orodha. Neno lisilomtii huliita "lisilofaa" na kuliondoa kabla ya jaribio au baada yake. Hafanyi hivyo kwa hila. Sikio lake lenyewe, lililofunzwa na nadharia yake, humnong'oneza ni mifano gani iliyo "mizuri". Bibi wa Fisher hakuruhusiwa kujitengenezea vikombe alivyovionja.

Itakumbukwa pia kwamba sayansi hii iliyoyumba ndiyo iliyokuwa ikinukuliwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kama elimu ya akili ya binadamu kwa jumla. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett aliyachunguza majarida sita makuu ya saikolojia ya Marekani na kugundua kwamba asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa ulimwengu. Joseph Henrich na wenzake waliliendeleza jambo hilo mwaka 2010 kwa nguvu zaidi. Ikiwa watu ni wa upande mmoja, maneno je? Mtafiti wa Kiswahili anayenukuu kanuni ya usomaji iliyotokana na maneno ya Kiingereza amebeba sampuli mbili za wageni kwa mpigo.

Sheng ndiyo inayofaa zaidi kulidhihirisha jambo hili nyumbani, kwa kuwa hukumu juu yake hutolewa kwa wepesi wa ajabu. Mara nyingi alama za Kiswahili zinaposhuka shuleni, Sheng hutajwa kuwa ndiyo chanzo. Dai hilo huenda likawa la kweli. Lakini ni la aina gani? Kwa jaribio halisi, ingebidi watoto wapigiwe kura, nusu wakue wakizungumza Sheng na nusu wasiijue kabisa. Jambo lisilowezekana na lisilotamanika. Kinachobaki ni kulinganisha watoto wanaoizungumza na wasioizungumza, na hao hutofautiana kwa mengi: mtaa, wingi wa wanafunzi darasani, vitabu vilivyomo nyumbani, lugha ya wazazi, walimu. Kila kimoja cha hivi kinaweza kuzishusha alama bila msaada wa Sheng. Zaidi ya hayo, mtoto aulizwapo kwa hojaji mbele ya mwalimu wake kama huzungumza Sheng, hujibu kile ambacho mwalimu anakitaka.

Hata haya yote yakidhibitiwa, bado kuna insha yenyewe. Watoto 200 wakiandikiwa mada moja ubaoni, utafiti una mada moja tu. Mtoto wa Kayole anayekwama mbele ya mada kuhusu mavuno anaweza kumpita mwenzake wa Kitale akipewa mada kuhusu safari ya matatu. Umahiri wake wa lugha haukubadilika kati ya mada hizo mbili. Mada nazo ni sampuli. Kisha yupo msahihishaji. Akiijua shule, au akiliona neno moja la Sheng katika aya ya kwanza, matarajio yake yanaweza kuipunguzia alama aya ya tano iliyoandikwa kwa ufasaha. Jaribio la Brussels lilihusu hilo hilo. Utafiti wa haki kuhusu Sheng ungeomba mada nyingi, wasahihishaji kadhaa, majina na shule vifichwe, na uamuzi wa kile kitakachohesabiwa kuwa "kosa" uandikwe kabla ya insha ya kwanza kusomwa. Mtoto anayekatazwa kuizungumza lugha ya wenzake kwa sababu ya matokeo ya utafiti ana haki ya kudai angalau kiasi hicho.

Wapo wanaopuuza mjadala huu kwa kudai kwamba takwimu ni kazi ya watu wa hisabati, na kwamba lugha ni jambo la roho lisilopimika. Hoja hiyo ingekuwa na heshima kama wenyewe wangeacha kuandika asilimia. Hata hivyo ina chembe ya ukweli inayofaa kutetewa. Si kila utafiti unahitaji hesabu hizi. Anayechanganua taswira katika shairi moja hadai lolote kuhusu mashairi yote. Kamil Ud Deen, aliyechapisha mwaka 2005 kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, aliegemea usemi wa watoto 4 wa Nairobi, na haingefaa kumcheka kwa uchache huo. Swali lake lilihusu viambishi vinavyodondoshwa na watoto wanapoanza kusema, na uzito wa jibu lake ulitokana na wingi wa usemi uliorekodiwa, neno baada ya neno. Yeye alikuwa na watu wachache na lugha nyingi. Mwenye hojaji 500 na maneno 10 yuko kinyume chake, na katika masuala mengi ya kisarufi ndiye mwenye ushahidi hafifu zaidi.

Kisingizio cha vifaa nacho kimekwisha. Tangu mwaka 2008, Harald Baayen, Douglas Davidson na Douglas Bates walipochapisha makala yao katika jarida lile lile lililobeba onyo la Clark, ingawa sasa lina jina jipya, kuna njia ya kuhesabu watu na maneno kwa pamoja katika uchanganuzi mmoja. Programu inayotumika, R, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na hutolewa bure. Kompyuta ya kawaida ya maktaba inatosha. Upungufu uko kwa walimu walio tayari kuifundisha kwa Kiswahili na kwa mifano ya Kiswahili, ili mwanafunzi asikutane na takwimu kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kukusanya data.

Kuna mambo mengine madogo yasiyohitaji programu. Tasnifu yoyote yenye jaribio au hojaji ya msamiati inafaa kuchapisha katika viambatisho orodha kamili ya maneno yaliyotumiwa, yakiwemo yaliyoachwa na sababu za kuachwa, pamoja na wastani wa kila neno peke yake. Msomaji wa mfano uliotangulia angeigundua taksiri kwa kutupa jicho tu. Majarida ya vyama vya wanafunzi nayo yangefaa kutenga kurasa za tafiti zilizorudiwa, na za tafiti ambazo matokeo yake hayakukubali. Kurudia utafiti wa mwenzako kwa maneno mapya na shule nyingine ni kazi inayotosha kabisa kwa shahada ya kwanza, na ingewaokoa wengi na mashindano ya kutafuta mada "ambayo haijapata kufanyiwa utafiti".

Lililo gumu zaidi ni kupata maneno ya kuteulia. Uteuzi wa nasibu hauwezekani bila orodha kubwa inayoonyesha neno lipi hutumika mara ngapi. Kopasi ya Kiswahili iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki chini ya Arvi Hurskainen ni hazina, na mtafiti asiyeitumia anajinyima. Lakini imetokana kwa kiasi kikubwa na magazeti na vitabu, na magazeti hayamwelezi mtafiti ni mara ngapi mtoto wa darasa la tatu huko Kakamega au Likoni hulisikia neno "sahani" kwa siku. Orodha ya aina hiyo inataka mazungumzo yaliyorekodiwa kwa idhini ya wazazi, yakanukuliwa kwa maandishi na kuhesabiwa. Saa moja ya mazungumzo huchukua siku kadhaa kunukuliwa vizuri. Mtu mmoja hawezi. Lakini idara yenye wanafunzi 60 wa mwaka wa tatu, kila mmoja akipewa saa moja kama zoezi la somo la mbinu za utafiti, ingekuwa na saa 60 kufikia mwisho wa muhula, na mwaka unaofuata saa 120.